Mashina Tisa ya Colman

Jumapili, 21 Julai

Mvua. Wiki ya sita. Nyasi za ng'ombe zimeoza zikiwa zimesimama.

Baada ya misa Padri Mannion katangaza kwamba Jumapili ijayo ni Jumapili ya Shada, tutapanda mlima Knockfraun kama kawaida, inyeshe isinyeshe. Kisha akakohoa. Nikajua linakuja. Sepetu ya mlimani haina mwenyewe tangu Colman afariki. Miaka ishirini na sita kaka yangu ndiye aliyechimba shimo kule juu na kulifukia shada la maua, kuzika kiangazi. Sasa nani? Padri anasema wazee wameshakaa. Nyumba itakayoleta sahani bora ya viazi vipya ndiyo itakayoshika sepetu.

Wazee! Mimi sikuulizwa! Nina miaka hamsini na sita, ndugu wa damu wa marehemu, tumbo moja. Sepetu ilipaswa kuvuka ua tu, kutoka kwake hadi kwangu. Hatua arobaini. Nimezihesabu.

Si neno. Nitashinda. Hapa Cloonagarra hakuna anayejua viazi kama mimi. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu aliishiwa vya kunifundisha, lakini udongo naujua. Mwaka wa tisini na tano nilichimba kiazi kikubwa mpaka mbwa akakibwekea. Tulikikalia, mimi na Colman, tukanywa chai. Colman aliona kwa macho yake. Shida ni kwamba siku hizi mashahidi wangu wote wamelala pamoja nyuma ya kanisa.

Austin Prendergast, jirani yangu wa mkono wa kulia, alinisubiri langoni. Akaniuliza mbele ya watu, "Vipi Festy, viazi vyako vimekomaa, au bado vinanyonya?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kuwashinda wote, wasijue kitu.

Jumatatu, 22 Julai

Mvua. Nimechungulia.

Hapa kwetu mtu hachimbi kiazi kabla ya Jumapili ya Shada. Julai ni mwezi wa kabichi. Njaa ikikubana, kaza mkanda. Anayechimba mapema huitwa Sufuria Tupu, na jina hilo halifi naye, linarithiwa. Kina Gaughan wa kule darajani wanaitwa hivyo hadi leo kwa kosa la bibi yao, na bibi mwenyewe alikuwa na homa, hakujua ni siku gani.

Lakini mimi sikuchimba. Niliingiza mkono. Sheria inakataza kuchimba, haisemi lolote kuhusu kupapasa.

Gololi. Nilipapasa shina la kwanza, gololi. La pili, gololi. La tatu sikupata kitu ila konokono, naye alikuwa mkubwa kuliko viazi.

Najua sababu. Mwezi wa tatu wenzangu walipopanda, mgongo ulikuwa unaniuma. Mwezi wa nne Colman alikuwa anakufa. Nilipanda mwishoni mwa mwezi wa tano, siku moja, jioni, ili nami nionekane nimepanda.

Kula kabichi. Kulala.

Jumanne, 23 Julai

Nimekwenda kwa shemeji Dympna, mjane wa Colman, kunywa chai. Gráinne binti yao yupo, kaja kutoka Castlebar anakofundisha. Kofia ya Colman bado iko kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Kila nikiingia naisalimia kabla sijajikumbuka.

Gráinne akaniambia nije nione tuta la baba. Tukatoka na mvua yetu. Chini ya ukuta wa mawe, tuta moja fupi, mashina tisa. Majani mapana, kijani cha kujivunia. Dympna akasimulia. Colman alilipanda siku ya Mtakatifu Patrick, mwezi wa tatu, akiwa amekalia kigoda cha kukamulia, kwa sababu pumzi haikumtosha kusimama. Alikuwa anapanda shina moja, anapumzika, anapanda la pili. Mbegu ni ile ya mama yetu, kiazi cheupe chenye jicho la zambarau, ambacho hakipo dukani wala kwa jirani. Na mbegu nyingine zote zimeozea ghalani kwa unyevu wa mwaka huu. Zimebaki hizi tisa.

Dympna anasema Jumapili atachimba shina moja tu kwa ajili ya mlimani, na sahani moja ya kula yeye na Gráinne mezani, na kofia ikiwa pale. Mengine yote ni mbegu. Kwa mwaka huu hana haja ya sepetu wala sifa, anataka mwakani tuta liote tena, basi.

Nilisema jambo zuri sana kuhusu Colman. Silikumbuki, lakini Gráinne aliniangalia kwa upole.

Kabla sijaondoka nikalifunga lango lao, bawaba imekatika. Nilitumia kamba ya buluu ya kufungia nyasi, na fundo langu. Fundo hili nililibuni mwenyewe, mara tatu kushoto, moja chini, kisha unarudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu. Ndilo lililomshika fahali wa mnada wa Ballinrobe dakika ishirini na saba huku watu wazima wakipanda miti. Kijiji kizima hakuna mwingine anayeweza kulifunga. Dympna akasema kwa kucheka kidogo, "Ukifunga wewe, shemeji, anayefungua ni kisu tu."

Nimerudi nyumbani. Nimekaa nikifikiria mashina tisa. Tisa ni mengi kwa wanawake wawili.

Jumatano, 24 Julai

Mvua. Austin kapita barabarani akanyanyua kofia kwa adabu ile ya kuudhi. Kasema kwake viazi vimejaa mpaka tuta linapasuka, usiku anavisikia vikisukumana. Mwongo! Ni mimi niliyeanzisha uongo huo, mwaka wa themanini na nane.

Nimefikiri kutwa. Nimefikia haya. Shamba la Colman lilikuwa la baba. Baba alikuwa baba yangu. Mbegu ilikuwa ya mama. Mama alikuwa mama yangu. Kwa hiyo viazi vile ni vya ukoo, na mkubwa wa ukoo sasa ni nani? Tena sepetu ikitoka kwenye ukoo ikaenda kwa Prendergast, Colman atageuka kaburini. Namwondolea usumbufu.

Dympna atapata mbegu yake. Nitamchukulia vichache tu.

Alhamisi, 25 Julai

Leo miezi mitatu tangu Colman atutoke. Misa ya kumwombea saa nne asubuhi. Kijiji chote kimekwenda. Hata Austin, na tai shingoni.

Mimi sikuweza. Nilituma neno kwa Padri kwamba kondoo wangu amezama kwenye tope kule kinamasini. Na kwa kweli, kati ya wale ambao hawakuwepo misani, sikuwa peke yangu. Colman pia hakuwepo.

Nilisikia kengele nikiwa nimepiga magoti kwenye tuta. Shina la kwanza. Loo! Viazi kumi na kimoja! Vyeupe, vikubwa kama ngumi ya mkunga, jicho la zambarau likinitazama. Nikasema nachukua hili moja. Halafu nikaona pengo. Mashina manane na pengo moja, kipofu angeona. Nikalirudisha shina shimoni, lakini halikusimama, lililala kama mlevi. Nikakata kijiti, nikalifunga kwa kamba. Likasimama. Zuri kuliko mwanzo!

Sasa, ukishapata ufundi, unaacha ya nini? Nikachimba la pili. La tatu. Kufika la nne sikuwa nafikiri tena, mikono ndiyo iliyokuwa inafikiri. Walipoanza wimbo wa mwisho kanisani nilikuwa nafunga la tisa.

Sikumbuki niliamua saa ngapi kuchukua yote.

Ndoo mbili. Vingine nilijaza kwenye mifuko ya koti. Niliruka ukuta kama kijana. Nimevificha chini ya kitanda changu. Chumba kinanuka udongo wa kwao.

Padri alipita alasiri kunipa pole ya kondoo. Nikamwambia walikuwa wawili.

Ijumaa, 26 Julai

Jua!

Wiki sita tunamwomba Mungu jua hatupewi, leo kalileta, kali, kama la ugenini. Watu wote wako nje na mikono wazi wanafurahi. Mimi peke yangu nimekaa dirishani naomba mvua.

Saa tano nilipita njia ya ukutani. Majani yameanza kuinama. Yale tisa tu. Nikachukua ndoo, nikachota maji kisimani, nikaanza kuyamwagilia, shina moja moja, nikiyabembeleza kwa sauti ya chini. Shina lisilo na mizizi halielewi maneno.

Nikasikia nyuma yangu, "Shemeji?"

Dympna. Kasimama na bakuli la mayai. Nikamwambia jua hili litaua viazi vya marehemu, nimeshindwa kukaa. Akaliweka bakuli juu ya ukuta. Kisha machozi yakamtoka, hakuyafuta. Akasema tangu Colman afariki alidhani mimi sioni kitu wala sisikii kitu, kumbe alinikosea.

Alinipeleka ndani akanipa mkate wa magadi, wa moto, na siagi. Alinikalisha kwenye kiti cha Colman. Hakuna aliyekikalia tangu mwezi wa nne.

Nilikula vipande vitatu. Havikushuka vizuri. Siagi ilikuwa na chumvi nyingi, nadhani.

Jumamosi, 27 Julai

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi. Hapana, naandika yote, ili siku moja ijulikane kwamba sikuwa na kosa.

Alfajiri nilikwenda kuyaona mashina. Yamelala. Majani yamekuwa kama tambi baridi. Vijiti vimesimama peke yake. Nikatafuta sababu haraka, sababu ambayo ingemzuia Dympna kugusa tuta mpaka Jumapili ipite. Likanijia neno moja. Nikagonga mlango wake nikamwambia asitoke, asiguse, ni ukungu wa viazi.

Nilijua ni neno zito. Sikujua ni zito kiasi kile. Dympna alishika fremu ya mlango. Alifanya ishara ya msalaba akaingia ndani kumwamsha Gráinne.

Nyuma ya shule yetu kuna kiwanja kisicholimwa wala kujengwa, kisicho na jiwe hata moja la kaburi, na kila mtu hapa anajua ni kina nani wamelazwa pale, miaka ile ukungu ulipomaliza viazi na njaa ikamaliza watu. Watoto hawachezi mpira upande ule. Hakuna aliyewahi kuwaambia wasicheze.

Kufikia saa tatu kengele ya kanisa inalia. Watu wamebeba mabomba ya dawa mgongoni, hawasalimiani. Bibi mmoja wa upande wa mtoni alitolewa nje na kiti chake aliangalie shamba lake. Wengine wanasema tuchimbe leo, tuokoe kilichopo, mambo ya Jumapili ya Shada tuyaache. Wengine wanasema hapana. Wanaume wazima wanagombana barabarani kwa sauti za chini. Nikawaambia jamani, labda ni ukungu mdogo. Hawakunisikia. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu nimesema jambo na kijiji kizima kikaliamini, na sikuweza kulifurahia.

Austin alikuja kwanza kwa Dympna na bomba lake. Anasema shamba la mjane hupigwa dawa kabla ya mengine. Mimi nikamfuata mbio, nikamwambia asisogee, utabeba ugonjwa kwa viatu. Akasogea. Akainama akanusa. Akasema ukungu unanuka, baba yake alimfundisha harufu yake, na hapa hapanuki kitu. Akageuza jani. Hakuna doa jeusi.

Akashika shina shingoni, akalivuta.

Likatoka lote, jepesi, na kijiti chake, na kamba yake ya buluu. Chini yake hakuna kitu. Akavuta la pili. Alivuta yote tisa, akayalaza kwenye nyasi moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayelaza samaki.

Gráinne alipiga magoti akachimba kwa mikono. Alichimba tuta zima, mpaka kwenye mawe ya chini. Hakupata hata kimoja.

Nikasema hii ni kazi ya wezi wa parokia ya ng'ambo. Nawafahamu watu wale.

Austin akasema, "Wezi wa siku hizi wana adabu kweli. Wanaiba viazi, wanasimamisha na majani."

Dympna alichukua kamba moja. Akaligeuza fundo huku na huku. Akajaribu kulifungua kwa kucha. Halikufunguka. (Ni fundo zuri, lazima nikiri.) Akatazama langoni, kisha akatia kamba kwenye mfuko wa aproni. Akaingia ndani akafunga mlango bila kuugonga.

Habari ilienea kwamba hakuna ukungu. Watu walirudi majumbani wamechoka, hawakushangilia. Hakuna aliyenilaumu. Hakuna aliyenisalimia pia.

Nimefikiri kuvirudisha usiku huu. Lakini navirudishaje? Nikiviweka mlangoni, watajua ni mtu wa karibu. Na nisipopeleka sahani kesho, mimi ninayejua viazi kuliko wote, si ndiyo watashuku? Nimejikuta njia imebaki moja. Nitapanda mlima.

Jumapili, 28 Julai

Mvua, namshukuru Mungu. Inaficha nyuso.

Kulikuwa na tatizo la ngozi. Jicho la zambarau. Kila mtu angelitambua kutoka barabarani. Lakini kiazi kipya hakimenywi, si hapa. Unakichemsha na ngozi yake, na kikiwa kizuri ngozi inapasuka inacheka, na Padri anahukumu kwa kicheko hicho kabla hajaonja. Kumenya kiazi kipya ni kama kumvua bibi harusi mtandio njiani. Nilikaa na kisu mkononi saa nzima. Nilivimenya vyote, ndoo zote mbili, nikayachimba macho yote moja moja, nikayatupa maganda motoni. Nilisema liwalo na liwe, tena nikileta vingi nitaonekana mkarimu.

Tulipanda kwa mstari, kila nyumba na sufuria yake imefungwa kwa taulo. Wanawake wakichuma vitunda vyeusi vya mlimani njiani, vidole vyao vya buluu, kama kila mwaka. Hakuna aliyeimba. Juu kulikuwa na upepo. Pale kwenye jiwe ambapo Colman alikuwa akisimama, pamebaki jiwe.

Sufuria zikafunuliwa. Vya Austin vilikuwa vinacheka mpaka unaona koromeo. Ikafika zamu yangu. Kisha Austin, kwa sauti ya upole kabisa, "Festy, mbona umewaleta wakiwa uchi?"

Walicheka, lakini si sana. Nikawaeleza kwamba kwenye hoteli kubwa za Dublin ndivyo vinavyoliwa, mimi nimeingia hoteli hizo mara mbili. (Mara ya kwanza nilipeleka kabichi mlango wa nyuma. Mara ya pili nilifuata ndoo.) Padri akaniuliza pia kama kondoo wangu wameokoka. Nikasema wanne wameokoka na fahali.

Padri akaonja. Akatafuna muda mrefu, macho chini.

Akasema kiazi hiki amewahi kukila mahali. Hakusema wapi. Akaweka uma, akaenda kwenye sahani iliyofuata.

Dympna akaja. Alikuwa amevaa koti la mvua la Colman. Akachukua kiazi kimoja kwa mkono, bila siagi, bila chumvi, akakila chote amesimama, anatazama bonde. Nilidhani atapiga kelele. Ningeijua namna ya kujibu kelele. Badala yake alisogea karibu, mgongo wake kwa watu, akasema polepole:

"Shemeji, kimebaki hata kimoja? Hata kidogo kama kidole. Sikuulizi umetoa wapi, na sitakuuliza kamwe. Naomba mbegu tu."

Moyo wangu ulifungua mdomo. Nusura niseme. Lakini nikisema kimebaki, nimesema ni vya Colman. Nikisema ni vya Colman, nimesema yote, tuta na misa na mkate. Na Austin alikuwa hatua tatu kutoka pale, sikio limesimama kama la sungura. Nikajibu kwa sauti ya kusikika kwamba hivi ni viazi vyangu, vya shamba langu, nimevipanda kwa mkono wangu, na vyote vimo kwenye sufuria ile.

Ilikuwa kweli, kile kipande cha mwisho cha maneno yangu. Tulipogeuka kutazama, sufuria ilikuwa tupu. Baridi huwatia watu njaa. Walikuwa wanafuta mikono.

Dympna akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa bei. Akaondoka.

Sepetu kaipata Austin. Sitaandika mengi. Lakini hakuishika hata dakika. Alimpelekea Dympna, akavua kofia, akasema ardhi ya huku juu imezoea nyumba ile. Watu wakamsifu. Angalia ujanja wa mtu yule! Kashinda mara mbili kwa sahani moja!

Dympna akachimba. Gráinne alitaka kumsaidia, akakataa. Gráinne akaleta shada, maua ya njano na majani ya mlimani, na nilipolitazama vizuri nikaona limefungwa kwa kamba ya buluu. Kwa fundo langu! Lile lile, halijafunguliwa. Dympna alilishikilia juu kidogo, watu wote walione, kisha akalilaza shimoni na kulifukia. Akarudisha udongo kwa mguu. Tukasema wote kwa pamoja, kiangazi kimezikwa.

Watu walikuwa wananitazama. Nikainamisha kichwa, kwa heshima. Kati ya mafundo yote ya kijiji, kachagua langu. Sikutegemea angenienzi hivyo mbele ya watu, baada ya siku ngumu namna ile. Mjane mwenye moyo mkubwa.

Kushuka nilishuka peke yangu. Wengine walikuwa na haraka, nadhani kwa sababu ya mvua.

Jumatatu, 29 Julai

Mvua. Hakuna aliyepita barabarani. Au wamepita nami sikuona.

Asubuhi nilitundika koti jikoni likauke. Kitu kikadondoka sakafuni, kikabiringika hadi chini ya kabati. Nikalala kifudifudi nikakivuta kwa mpini wa ufagio.

Kiazi. Kimoja. Kimetoboa mfuko Alhamisi kikaingia kwenye bitana. Kidogo kama yai la kwanza la mtetea, na ngozi yake, na jicho la zambarau.

Nilikaa nacho mezani muda mrefu. Nyumba kimya mpaka nilikuwa nasikia saa ya ukutani ikijifikiria. Nilifikiri kigoda cha kukamulia. Nilifikiri mtu anayepanda shina moja, akapumzika.

Nikavaa viatu. Kweli nilivaa. Nikatoka na kiazi mkononi, nikavuka ua, hatua arobaini. Nilipofika lango la Dympna, kamba niliyoifunga Jumanne ilikuwa chini matopeni, imekatwa kwa kisu. Lango limefungwa kwa mnyororo mpya na kufuli. Wezi hao hao wa ng'ambo, bila shaka, wamemtia hofu hadi amenunua mnyororo. Moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba la jiko. Niliona mgongo wa Gráinne dirishani, anafunga sanduku. Juu ya msumari nyuma ya mlango sikuweza kuona kama kofia ipo.

Nikasimama pale. Nikafikiri kama mtu mwenye akili. Nikimpa sasa hivi, kiazi kimoja, ni zawadi gani hiyo? Itazua maswali tu. Lakini nikikipanda mimi, mwakani ni shina moja. Mwaka wa pili, tuta. Mwaka wa tatu namletea ndoo nzima, imejaa mpaka mdomoni! Atalia kwa furaha. Na wakati huo mbegu ya mama itakuwa kwangu peke yangu, kijiji kizima, na Padri ataonja kitu ambacho Austin hawezi kukipata hata kwa kuota. Ngozi sitamenya tena. Kosa lilikuwa kumenya.

Na Alhamisi. Kuchimba Alhamisi kulikuwa mapema mno, majani yakapata siku za kunyauka.

Nikarudi hatua arobaini.

Kiazi cha mbegu kinataka mwanga. Kwa hiyo nimekitundika dirishani, lile la mbele, linalotazama barabara. Nimekifunga kwa kamba ya buluu, kwa fundo langu. Hakuna mwingine Cloonagarra anayeweza kulifunga, kwa hiyo yeyote atakayepita hatakuwa na shaka hata kidogo ni cha nani.